Uzi: Kuchora chumba kwa perspektivu ya nukta moja, jicho kwanza na rula baadaye

#1 – Mwanzisha uzi

Ndugu zangu wapenzi wa kuchora, salaam. Nimefundisha kuchora kwa miaka kadhaa, na kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wanaoanza kuchora chumba ni lile lile lililonisumbua mimi nilipokuwa mwanafunzi. Mtu huchukua rula, akachora mstatili katikati ya karatasi uwe ukuta wa mwisho, akaweka nukta popote panapompendeza, akavuta mistari minne hadi pembe za karatasi, kisha akashangaa kwa nini sakafu imekuwa kama mteremko na kabati linaonekana kuelea. Mistari yake yote imenyooka na rula haina kosa, lakini ukimuuliza mchoraji alikuwa ameketi wapi alipokitazama chumba hicho, hana jibu.

Ninaanzisha uzi huu kwa sababu ninaamini kwamba swali hilo ndilo somo lenyewe. Perspektivu ya nukta moja, yaani namna ya kuonyesha kina cha chumba kwenye karatasi bapa, ni taarifa ya mahali jicho lilipo: urefu wake kutoka sakafuni, upande liliposogea, na umbali wake kutoka kwenye kinachochorwa. Mambo hayo matatu yakishajulikana, karibu kila mstari wa chumba hujipanga wenyewe, na yasipojulikana, hata mwenye mkono mzuri hubaki kubahatisha.

Kanuni yenyewe ni fupi. Unapoukabili ukuta wa mwisho uso kwa uso, mistari yote iliyo wima hubaki wima na ile ya mlalo iliyo sambamba na ukuta huo hubaki milalo. Mistari inayokwenda mbali nawe, kama vile kingo za sakafu, kingo za dari na ubavu wa kitanda kilichosogezwa ukutani, yote huelekea kwenye nukta moja. Mimi huiita nukta ya kutokomea, kwa kuwa ndipo mistari hiyo inapotokomea, kama barabara iliyonyooka inavyotokomea machoni pa msafiri. Nukta hiyo hukaa juu ya mstari wa upeo wa macho, na mstari huo uko sawasawa na kimo cha jicho lako.

Chumba ninachokipendekeza kwa kujifunzia ni cha nyumba ya zamani ya mawe, ya aina iliyopo Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja. Sababu yake ni ya kiufundi. Dari za nyumba hizo zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilijengwa vyembamba, kwa kawaida upana usiofika mita 3, lakini virefu. Ukikaa mwisho mmoja wa chumba cha namna hiyo na kutazama mwisho wa pili, boriti zimepita juu yako kutoka ukuta hadi ukuta, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa mlalo mkamilifu na kila moja ikionekana fupi kuliko iliyotangulia. Ni kama ngazi iliyolazwa juu ya kichwa chako. Kama ukuta wa mwisho una zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa ukutani, basi umepewa na safu za mistatili iliyopangwa vizuri, ambayo hupimika bila taabu. Asiye na nyumba ya mawe atumie varanda ndefu, darasa, au chumba chochote chenye sakafu ya marumaru, kwani mistari ya marumaru hufanya kazi ile ile.

Kabla ya kuchora chochote, keti. Shika penseli kwa mlalo mbele ya macho yako, mkono umenyooka, kisha angalia inakata wapi ukutani. Hapo ndipo upeo wako ulipo. Mtu wa kimo cha kawaida akikaa kitini, jicho lake huwa kama mita 1.2 kutoka sakafuni, na akikaa mkekani hushuka hadi karibu sentimita 80. Tofauti hiyo ya sentimita 40 hubadilisha chumba kizima. Chukua meza yenye kimo cha sentimita 75. Ukiwa kitini unauona uso wake vizuri, pamoja na kikombe na alama ya maji iliyoachwa na kikombe hicho. Ukishuka mkekani, uso wote wa meza hubanwa ukawa utepe mwembamba kama ukingo wa sahani, alama ya maji hupotea, na miguu ya meza ndiyo inayotawala mchoro. Meza haijasogezwa hata kidogo. Ninawaomba wanaoanza walifanye jaribio hili kwa macho tu, bila karatasi, mara kadhaa kwa siku mbili au tatu, kabla ya kugusa rula.

Jambo la kukumbuka ni kwamba kingo zote zilizo juu ya jicho hushuka kuelekea nukta, na zilizo chini ya jicho hupanda kuielekea. Ukiona katika mchoro wako rafu iliyo juu ya upeo ikionyesha uso wake wa juu, jua kwamba umechora unachokijua badala ya unachokiona.

#2 – Mchangiaji

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa maelezo haya. Nimeelewa habari ya kimo cha jicho na habari ya upande jicho liliposogea, kushoto au kulia. Kinachonitatiza ni umbali. Nitajuaje ukuta wa mwisho uwe mkubwa kiasi gani kwenye karatasi, na nitajuaje boriti ya pili na ya tatu zikae wapi? Mimi huzipanga kwa kukadiria, na kila mara dari yangu huonekana kama imekunjwa.

#3 – Mwanzisha uzi

Swali lako ndilo lililo gumu kuliko yote katika somo hili, na ningependa tulijibu kwa vipimo halisi ili mtu aweze kufuatisha akiwa na karatasi ya A4, rula na penseli.

Tuchukue chumba chenye upana wa mita 2.5, kimo cha mita 3 na urefu wa mita 6. Umeketi kitini, mgongo ukiwa karibu na ukuta wa nyuma, katikati ya upana, na jicho liko mita 1.2 kutoka sakafuni. Huwezi kuchora kilicho pembeni ya mabega yako, kwa hiyo tuseme mchoro unaanzia mita 3 mbele ya jicho. Hapo tunasimamisha fremu ya kuwazia, kama vile umeziba chumba kwa kioo kikubwa. Kwa kipimo cha sentimita 6 kwa kila mita, fremu hiyo itakuwa mstatili wenye upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 18. Mstari wa upeo utapita sentimita 7.2 juu ya ukingo wa chini, na nukta ya kutokomea itakaa katikati ya mstari huo.

Sasa ukuta wa mwisho. Fremu iko mita 3 kutoka jichoni na ukuta uko mita 6, yaani umbali maradufu, kwa hiyo ukuta utaonekana nusu ya fremu: upana wa sentimita 7.5 na kimo cha sentimita 9. Ukingo wake wa chini utakuwa sentimita 3.6 chini ya upeo. Hakuna cha kukadiria hapo. Kitu kikiwa mbali mara mbili huonekana nusu, kikiwa mbali mara tatu huonekana theluthi, na uwiano huo ndio unaobeba elimu yote hii.

Baada ya hapo tuigawe sakafu kwa mita moja moja. Mstari wa mita ya kwanza nyuma ya fremu uko mita 4 kutoka jichoni, kwa hiyo utakaa chini ya upeo kwa robo tatu ya sentimita 7.2, yaani 5.4. Wa pili uko mita 5, nao utakaa 4.32. Wa tatu ni ukingo wa ukuta wenyewe, 3.6. Ukipima nafasi zilizo baina yao kwenye karatasi utapata sentimita 1.8, kisha 1.08, kisha 0.72. Anayeanza huigawa sehemu hiyo ya sentimita 3.6 mara tatu sawasawa, 1.2 kila moja, na hapo ndipo sakafu inaposimama kama mteremko, au dari inapokunjwa kama yako.

Wapo pia wanaojua kwamba nafasi lazima zipungue, wakaamua kuzipunguza kwa kiwango kimoja, kwa mfano kila nafasi iwe theluthi mbili ya iliyotangulia. Kosa hilo ni la zamani sana. Leon Battista Alberti, aliyeandika kitabu chake juu ya uchoraji mwaka 1435 huko Italia, aliwakosoa wachoraji waliokuwa wakifanya hivyo hivyo, akaeleza kwamba asiyejua jicho liko wapi hawezi kuzipata nafasi hizo kwa njia sahihi. Tazama hesabu yetu: 1.08 ni sehemu sita za kumi za 1.8, lakini 0.72 ni theluthi mbili ya 1.08. Kiwango chenyewe kinabadilika kadiri tunavyokwenda mbali, kwa hiyo hakuna kiwango kimoja cha kukariri.

Huhitaji kufanya hesabu hii kwa kila boriti, kwa kuwa ipo njia ya kuchora inayotoa jibu lile lile. Kwenye mstari wa upeo, weka nukta ya pili, iliyo mbali na nukta ya kutokomea kwa kadiri jicho lilivyo mbali na fremu. Hii tuiite nukta ya umbali. Njia hii ilichapishwa mapema mno, katika kitabu cha padri Mfaransa Jean Pélerin mwaka 1505. Kwa chumba chetu, mita 3 ni sentimita 18, na nukta hiyo ingeangukia nje ya karatasi. Kwa hiyo tumia nusu ya umbali: pima sentimita 9 kushoto kwa nukta ya kutokomea, na itakaa sentimita 1.5 tu nje ya fremu, ndani ya pambizo la A4. Ukitumia nusu ya umbali, ni lazima utumie pia nusu ya vipimo vya kina. Kuanzia pembe ya chini kushoto ya fremu, pima kwenda kulia sentimita 3, 6 na 9, badala ya 6, 12 na 18. Kutoka kila alama vuta mstari mwepesi hadi kwenye nukta ya nusu umbali. Kila mahali mstari huo unapoukata ukingo wa sakafu wa kushoto ndipo mita moja inapoishia. Vuta milalo kutoka hapo, na utaona 1.8, 1.08 na 0.72 zikijitokeza zenyewe.

Kwa boriti zilizo kila baada ya sentimita 30, alama zako kwenye ukingo wa chini zitakuwa kila baada ya milimita 9. Nukta zilizopatikana kwenye ukingo wa sakafu zipandishe kwa mistari wima kwenye ukuta wa kushoto hadi ukingo wa dari, kisha uzivushe dari kwa milalo. Nilipofanya hivi kwa mara ya kwanza, boriti zilijipanga juu ya chumba kwa utulivu ambao sikuwa nimeufikia kwa miezi mingi ya kukadiria, na nilikaa nikiitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Shauri moja la ziada. Mistari inayokwenda kwenye nukta huwa mingi na rula huchafua karatasi. Bandika karatasi juu ya ubao, choma pini penye nukta ya kutokomea, funga uzi wa cherehani, kisha uzungushe uzi huo uliokazwa kuangalia kila ukingo. Ni ujanja wa fundi seremala apigaye uzi juu ya ubao, na wachoraji wakubwa waliutumia. Katika michoro kadhaa ya Johannes Vermeer, Mholanzi wa karne ya 17, watafiti wamekuta kitundu cha pini penye nukta ya kutokomea. Kwenye ukuta wa Santa Maria delle Grazie mjini Milan, ambako Leonardo da Vinci alichora Karamu ya Mwisho kati ya 1495 na 1498, kuna alama ya msumari kwenye panja la Kristo, ubavuni mwa paji lake, na mistari ya dari na ya kuta hukutana hapo.

#4 – Mchangiaji

Shikamoo mwalimu. Nimefuatisha vipimo vyako usiku kucha na chumba kimekaa vizuri. Shida yangu ni pangaboi. Limening'inia katikati ya chumba, na kila nikilichora linakuwa kama yai lililovunjika. Naomba msaada.

#5 – Mwanzisha uzi

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kukesha na kazi.

Duara halichorwi lenyewe. Huchorwa ndani ya mraba. Pima kipenyo cha njia ya mapanga, tuseme mita 1.2, kisha uchore mraba wa upande huo ukiwa umelala kwenye kimo cha mapanga, chini kidogo ya boriti. Kina cha mraba utakipata kwa nukta ya umbali, kama tulivyofanya sakafuni. Chora ulalo mbili za mraba huo, nazo zitakupa kitovu. Utaona kwamba kitovu hicho hakiko nusu ya kimo cha umbo kwenye karatasi, bali kimesogea upande wa mbali, yaani upande wa ukuta wa mwisho. Kupitia hapo vuta mlalo mmoja, na mstari mwingine unaokwenda kwenye nukta ya kutokomea. Mistari hiyo itagusa pande za mraba mahali panne, na duaradufu yako, yaani duara lililobanwa, inapita hapo pote ikiwa laini, isiyo na kona.

Hapa ndipo wengi wanapopata yai. Wao huchukua kitovu cha mraba wakakifanya kitovu cha duaradufu. Sehemu iliyo pana kuliko zote katika duaradufu iko karibu nasi kidogo kuliko kitovu cha pangaboi. Kwa hiyo fimbo inayolishikilia itashuka kwenye makutano ya ulalo, na mapanga yatatoka hapo, yale ya upande wetu yakionekana marefu zaidi. Ukitenganisha vitovu hivyo viwili, yai litatoweka.

#6 – Mchangiaji

Nimesoma kwa makini, lakini nina pingamizi kwa heshima. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 bila nukta ya kutokomea, na sanaa yake inajulikana duniani kote. Je, hatuwafungi vijana kwa kanuni za Italia?

#7 – Mwanzisha uzi

Pingamizi lako ni la haki. Mnyama wa Tingatinga hukaa juu ya uwanja bapa wa rangi, na uzuri wake unatokana na uwanja huo kuwa bapa. Mtu akimtia nukta ya kutokomea atakuwa ameiharibu picha. Nisingemfundisha mchoraji wa namna hiyo perspektivu kana kwamba amepungukiwa.

Hata hivyo, mwenye kutaka kuonyesha chumba kama kilivyoonekana na mtu mmoja, akiwa mahali pamoja, anahitaji chombo kinachofaa kwa kazi hiyo, na chombo hicho ni hiki. Kijana anayetaka kumwonyesha seremala kabati litakavyokaa ukutani, au kuihifadhi kwa mchoro sebule ya bibi yake kabla nyumba haijabomolewa, hatafungwa na elimu hii.

#8 – Mchangiaji

Mimi huchora kutoka kwenye picha ya simu kwa sababu siwezi kukaa muda mrefu chumbani mwa watu. Kuta zangu huegemea ndani kwa juu. Pia mlango ulio nusu wazi hunishinda kabisa, hauendi kwenye nukta.

#9 – Mwanzisha uzi

Kuta kuegemea ndani maana yake ni kwamba uliinamisha simu kuelekea juu ili upate dari. Simu ikiinuka, kuta hazikabiliani nayo tena uso kwa uso, na mistari wima nayo huanza kukutana mahali fulani juu. Hiyo si nukta moja tena. Shika simu ikiwa wima kabisa, kimo cha jicho lako la kawaida, na kama dari haiingii, rudi nyuma. Kurudi nyuma kuna faida nyingine: ukipiga picha ukiwa karibu mno, kiti kilicho mbele huvimba na ukuta wa mwisho hukimbia, na mchoro utakaonakili hapo utarithi kasoro hiyo. Kisha, kabla hujaondoka, pima kwa hatua umbali uliosimama na uuandike nyuma ya karatasi, kwa kuwa picha haitakuambia.

Kuhusu mlango, umeona sawasawa: hauendi kwenye nukta ile, na haupaswi kwenda. Kama uko kwenye ukuta wa mwisho na umefunguliwa kwetu hadi ukasimama pembe mraba na ukuta, kingo zake za juu na chini huenda kwenye nukta ya kutokomea. Kama uko kwenye ukuta wa ubavu na umefunguliwa kiasi hicho hicho, unatukabili uso kwa uso, na kingo zake hubaki milalo. Ulio nusu wazi una nukta yake mwenyewe, lakini nukta hiyo nayo iko juu ya mstari ule ule wa upeo, kwa kuwa kingo za mlango ziko sawa na sakafu.

Ili kuipata, chora sakafuni duaradufu ya njia ambayo ncha ya mlango hupita unapofunguka, kwa namna ile ile ya pangaboi, bawaba ikiwa kitovu. Chagua mahali ncha iliposimama juu ya njia hiyo. Unganisha bawaba na ncha, uendeleze mstari huo hadi ukate upeo, na hapo ndipo nukta ya mlango ilipo. Kutoka nukta hiyo, vuta mstari kupitia ncha ya juu ya bawaba, kisha simamisha mstari wima kutoka ncha ya chini ya mlango hadi ukutane nao. Ukimaliza, pitisha penseli nzito kwenye ukingo ulio karibu nawe peke yake, na uache mistari ya kusaidia ikiwa myepesi bila kuifuta, ili uweze kuirudia kesho ukiiangalia kwa macho mapya.